Palipofutwa

Muuguzi aliigeuza kadi ya kliniki mbele na nyuma, kisha akamtazama Nabwile kana kwamba ndiye aliyeyaiba maandishi.

"Hii mtoto iko na wiki ngapi?"

"Saba."

"Wiki saba, na bado tunaandika Mtoto wa Nabwile? Hata ng'ombe ya gredi hupewa jina siku ya kwanza, mama."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nabwile naye akacheka, maana mtu akichekwa mbele ya watu ishirini hana njia nyingine ya kutoka, lakini masikio yalimwaka moto. Mtoto akawekwa kwenye mizani. Alikuwa amepungua gramu mia mbili tangu mwezi uliopita.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Analala?"

"Hapana. Analia tu, sista. Usiku na mchana."

Muuguzi aliandika uzito, akaacha nafasi ya jina wazi kama ilivyokuwa. "Ukirudi, kuja na jina," alisema, akaita mtu mwingine.

Mtu asidhani jina lilikosekana kwa uvivu. Huko Kipsongo, katika chumba cha mabati kilichogawanywa kwa pazia, jina hilo lilikuwa limezungumzwa kuliko bei ya unga. Walioishi humo walikuwa wanne: Nanyama, mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mahindi kwa kibarua kwenye maghala ya nafaka mjini Kitale, Wekoye, mwanawe wa pekee, aliyewabebea mafundi mawe, Nabwile, mke wa Wekoye, na huyo mtoto wa kiume mwenye kilio kisichokwisha. Majirani walikuwa wamechoka kugonga mabati.

Wiki ile ndipo alipokuja Phelista, senge wa Wekoye, kutoka Myanga. Senge ni dada ya baba, na kwa Wabukusu senge akija kumwona mtoto haji kunywa chai tu. Alivua kitambaa kichwani, akampokea mtoto, akamwekea mdomo sikioni na kuanza kumwitia majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, polepole.

"Khaemba." Mtoto akalia. "Walubengo." Akalia. "Sirengo." Akazidi.

Phelista akamtazama Nanyama kwa pembe ya jicho. Kisha akasema, "Wanyonyi."

Mtoto akanyamaza. Labda alikuwa amechoka, labda tumbo lilikuwa limetulia. Mtu wa mbali angesema hivyo. Waliokuwa chumbani hawakuwa watu wa mbali. Nabwile aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ameitika," alisema senge. "Analilia jina ya babu yake. Na nyinyi mnamnyima. Mnataka akue aje?"

"Hatuwezi kumpa," Nanyama alisema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Phelista alijua. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina la mtu ambaye kaburi lake halijaonekana. Kama mtu huyo yu hai, unamwitia kifo; kama amekufa, unamnyang'anya jina kabla hujamsindikiza. Wanyonyi, mume wa Nanyama, alitekwa na watu wenye bunduki huko mlimani miaka kumi na saba iliyopita, wakati wa vita vya mashamba, na mwili wake haukupatikana. Dawa ya jambo hilo inajulikana kwa kila mtu wa Bungoma: hukatwa shina la mgomba lenye kimo cha aliyepotea, likafungwa shuka, likatiwa sandukuni na kuzikwa kwa machozi kama mtu. Baada ya hapo marehemu ni marehemu na jina lake ni la wajukuu.

"Ndugu yangu Mukhisa ameshaongea na fundi wa sanduku," Phelista alisema. "Ametayarisha viti na turubai. Ni wewe tu tunangoja, Nanyama. Mwaka gani utakubali?"

"Kesi ikiisha."

Senge akamrudisha mtoto kwa mama yake. Mtoto akaanza kulia tena.

*

"Kesi gani, mama?" Wekoye aliuliza jioni ile, senge alipokwisha kwenda. Mavumbi ya simenti yalikuwa bado kwenye nyusi zake. "Tangu niko darasa la tano nasikia kesi, kesi. Hiyo kesi ni ya nani? Iko wapi?"

"Iko ng'ambo. Wewe unajua."

"Sijui! Najua tu uliingia kwa gari nyeupe ukakaa siku tatu, ukarudi ukasema tusizike kitu. Mtoto wangu anakauka, mama. Mwangalie!"

Nanyama alimwangalia. Alikuwa amemwangalia wiki saba nzima, usiku mwingi akiwa amemkalisha mapajani mwake, na moyo ulikuwa umemwuma mpaka basi. Wekoye akatoka nje akasimama gizani kwa hasira.

Ukweli aliouficha ulikuwa huu. Siku ile mlimani, Wanyonyi alikuwa na ndugu yake Mukhisa katika shamba la vitunguu walilokodi pamoja. Nanyama, aliyekuwa amewapelekea uji, alijificha nyuma ya ghala watu wale walipofika. Aliwaona wakiwakamata ndugu hao wawili. Waliuliza kitu. Kisha akamwona Mukhisa akinyoosha mkono na kumwonyesha ndugu yake kwa kidole. Wakawaswaga wote wawili kuteremka mtoni. Jioni Mukhisa alirudi peke yake, akasema walitenganishwa njiani na hakuona mwenziwe alikopelekwa.

Nanyama hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mukhisa ndiye aliyebaki na boma, ndiye aliyemlipia Wekoye karo hadi kidato cha pili, ndiye aliyetuma gunia la mahindi kila Disemba. Mwanamke huyo alikula mahindi hayo miaka kumi na saba, na hakuna hata mara moja yalipomshuka vizuri. Alihamia Kitale akisingizia kibarua.

Ilipokuja korti ya kimataifa kuchunguza mambo ya mlimani, ndipo aliposema. Kijana mmoja kwa jina Dancan, aliyekuwa akiwatafutia wachunguzi mashahidi, alimpeleka kwenye hoteli ambayo hakuambiwa jina lake. Akawaambia wageni majina yote mawili, la aliyechukuliwa na la aliyemwonyesha. Wakamwuliza alikuwa umbali wa hatua ngapi. Jua lilikuwa upande gani? Macho yake yalipimwa lini? Walimwuliza mara tatu. Mara ya tatu alisema hatua thelathini badala ya arobaini, akamwona yule bwana akiandika haraka, na tangu siku hiyo akaanza kujiuliza mwenyewe usiku: niliona, au nilidhani nimeona?

Wakati wa kuagana Dancan alimpa kadi yenye nambari. "Mama, kuanzia leo wewe ni mia nne kumi na saba," alisema. "Usiseme jina ya mtu yeyote, hata kwa mtoto. Na msizike kitu huko nyumbani. Mkizika watasema mliamua amekufa bila ushahidi. Ngoja korti. Watakuja wakuambie."

Basi Nanyama akangoja. Alichotaka si fidia, wala hakutaka Mukhisa afungwe, ingawa siku nyingine alitaka. Alitaka mtu mkubwa kuliko yeye aseme: mama huyu aliona kweli. Akishasikia hivyo angeweza kusimama kaburini kando ya Mukhisa na kumzika mumewe. Kabla ya hapo, angewezaje?

Alfajiri aliitoa kadi ndani ya Biblia, akamwambia Wekoye, "Twende Kanduyi. Kuna ofisi ya mawakili ya wale walioumia. Wakisema imeisha, tutazika."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea. Msichana aliyewapokea alijitambulisha kuwa ni Roselyne, msaidizi wa wakili, na wakili mwenyewe alikuwa safarini. Kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita ukutani na madirisha yaliyojaa kelele za barabara.

"Jina, mama?"

Nanyama aliweka kadi juu ya meza. "Mia nne kumi na saba."

"Unaweza kuniambia jina. Hapa ni sisi tu."

"Niliambiwa nisiseme."

Wekoye aliinamisha kichwa kwa aibu. Roselyne hakucheka. Aliiandika nambari kwenye kompyuta, akangoja, akasoma kwa muda mrefu. Uso ulimbadilika kidogo kidogo, na Nanyama, aliyezoea kusoma nyuso za mameneja wa maghala kabla ya kuambiwa hakuna kazi, akajua.

"Mama, hakuna mtu alikuja kukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Hiyo kesi iliisha. Ni miaka tisa sasa."

Wekoye aliinua kichwa.

"Iliisha namna gani?" Nanyama aliuliza.

"Majaji walisema ushahidi hautoshi. Wale washtakiwa wakaachiliwa."

"Dancan alisema watakuja."

"Dancan alikuwa na mkataba, mama. Ulikwisha hata kabla ya kesi. Uamuzi ulitangazwa. Uliwekwa kwa mtandao."

"Mtandao," alisema Nanyama. Simu yake ilikuwa ya tochi, kioo chake kimefungwa kwa mpira. Alikaa, mikono mapajani, ikiwa na mikato midogo ya maganda ya mahindi. Miaka tisa. Wekoye alikuwa na miaka kumi na minne kesi ilipokwisha. Wangeweza kuzika wakati huo na yeye angelia akiwa bado na nguvu.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe. "Waliniamini?"

Roselyne hakuelewa mara moja.

"Maneno niliwaambia. Nataka kujua kama waliamini. Hiyo tu."

Msichana akachapisha karatasi tano. Nne zilikuwa za maelezo aliyoyatoa Nanyama mwenyewe, kwa Kiswahili, na moja ilikuwa tafsiri ya ukurasa wa uamuzi uliomhusu. Alizipanga mezani, na Wekoye akainama kuzitazama. Kila palipokuwa na jina la mtu au mahali palikuwa pamepakwa wino mweusi. Mistari mingine ilikuwa nusu maneno, nusu weusi.

"Uamuzi ni hapa," Roselyne alisema, akiweka kidole. "Inasema, 'Kuhusu maelezo ya shahidi huyu, majaji wanaona kwamba...'"

"Kwamba nini?"

"Wamefunika, mama."

Baada ya neno hilo palikuwa na mistari minne myeusi ti, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Wewe hapo kwa kompyuta huoni?"

"Mimi pia napata hivi hivi. Ile ambayo haijafunikwa iko kwao."

"Ni maneno yangu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nao wamesema kitu juu ya maneno yangu. Na mimi siwezi kukiona."

"Wanafunika kwa usalama wako."

"Usalama wangu kutoka kwa nani, mwanangu? Si ni mimi nilisema?"

Roselyne alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa na roho nzuri, jambo lililomfanya afae kidogo sana kwa kazi ile. Alisema angeandika barua kuomba ukurasa usiofunikwa. Halafu, kwa kuwa hakupenda kudanganya, akaongeza, "Nimeandika barua za namna hiyo kumi na moja. Nimejibiwa mbili. Zote mbili zilisema hawawezi kuthibitisha wala kukanusha."

Nanyama alizikunja karatasi mara mbili, akazitia kifuani. Walipofika mlangoni Roselyne akamwita. "Mama, pole sana." Nanyama akaitikia kwa adabu, asante sana, kama vile amepewa kitu.

Chini, mbele ya duka la mbolea, Wekoye aliegemea ukuta. "Miaka tisa, mama. Na hiyo yote tulikuwa tunangoja bure?"

"Mpigie baba yako mdogo simu," alisema Nanyama. "Mwambie Jumamosi."

*

Mchungaji wa Myanga alikataa kuja. Alisema kanisa lake halizikii mti. Mukhisa alimbembeleza hadi getini, akarudi mikono mitupu, akasema watafanya wenyewe. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka sitini, mpole, mwepesi kusaidia watu. Katika kijiji kile hakuna msiba ambao hakuuhudhuria. Turubai lilikuwa lake. Nusu ya viti vilikuwa vyake.

"Karibu nyumbani, mulamwa," alimwambia Nanyama, kwa lile neno la shemeji, na kumpokea mkoba. "Umefanya vizuri kukubali. Ndugu yangu atapumzika."

"Asante, mulamwa."

Fundi wa sanduku aliuangusha mgomba nyuma ya jiko, akayavua maganda ya nje, akabaki na shina jeupe lenye maji. Aliinua panga. "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

Watu wakatazamana. Picha pekee ya Wanyonyi ilikuwa ya kitambulisho, ya kifua na kichwa.

"Kama Mukhisa," alisema senge Phelista. "Walikuwa wanavaliana hata suruari. Mukhisa, kuja usimame hapa."

"Kadiria tu," Mukhisa alimwambia fundi. "Futi sita hivi."

"Hatukadirii mtu," alisema Phelista kwa ukali. "Tunazika ndugu yetu ama tunazika kuni? Kuja usimame."

Wakaliinua shina wima, na Mukhisa akasimama kando yake, mgongo kwa mgongo, viatu amevua. Fundi alimwekea kiganja utosini akatia alama kwa ncha ya panga. Jasho lilimtiririka Mukhisa kutoka kipajini hadi kidevuni na hakulifuta. Watu walidhani ni huzuni. Nanyama alikuwa amesimama hatua kama arobaini, mlangoni mwa nyumba, akahesabu bila kutaka. Kutoka hapo aliona kila kitu: vidole vya miguu, kifungo kilichokatika, jasho. Aliona vizuri kabisa.

Wakalikata shina kwa kimo hicho, wakalivisha shuka nyeupe.

*

Saa saba mchana sanduku lilikuwa shimoni. Wekoye alikuwa ametengeneza msalaba wa mbao na kuandika kwa rangi: Wanyonyi, jina la baba yake, mwaka wa kuzaliwa. Mbele ya neno "Alikufa" aliacha nafasi. Alikuwa amemwuliza mama yake aandike siku gani, na mama yake akasema hajui.

Watu hawakuwa wengi, labda hamsini. Bila mchungaji hakuna aliyejua nini kinafuata, basi Phelista akasema mjane aseme neno, kisha Mukhisa, kama mkubwa wa boma, atupe udongo wa kwanza. Nabwile alikuwa amekaa mbele, akimtikisa mtoto aliyekuwa akilia kwa sauti iliyokauka.

Nanyama alitoa karatasi kifuani. Alisoma hadi darasa la nne, na alisoma polepole, kidole chini ya maneno.

"'Mimi,'" alianza, "halafu hapa wamefuta. Palikuwa Nanyama. 'Nilikuwa mke wa.' Wamefuta. Palikuwa Wanyonyi."

Watu walinong'ona. Mmoja aliuliza ni karatasi ya nini. Wekoye akasema ni ya korti.

"'Saa nne asubuhi nilikuwa nyuma ya ghala la vitunguu. Niliona wanaume saba wenye bunduki. Walimwuliza.'" Kidole kilisimama. Aliinua macho, akamtazama shemeji yake, ambaye tayari alikuwa ameshika udongo mkononi. "Mulamwa, macho yangu yamechoka. Nisomee hapa."

Mukhisa alisogea, miguu bado mitupu. Alivaa miwani kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa na udongo. Akaipokea karatasi, akaangalia alipoonyeshwa, na hakusoma.

"Soma, mzee," mtu alisema.

"'Walimwuliza,'" alisoma Mukhisa. Akakohoa. "Pamefutwa. 'Yeye akanyoosha mkono akamwonyesha.' Pamefutwa. 'Kwa kidole.'"

"Hapo pa kwanza palikuwa na jina gani?" Nanyama aliuliza.

"Pamefutwa, mulamwa."

"Aliyefuta hakuwako mlimani. Mimi nilikuwako." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Lakini wale watu waliniuliza hatua ngapi, jua upande gani, mpaka nikapotea. Sijui tena kama niliona ama niliota. Nikawauliza kama waliniamini, jibu nalo wamelipaka wino. Miaka kumi na saba. Sitaki kitu kingine kutoka kwa mtu. Nataka tu kuambiwa kama niliona."

Wekoye alimtazama mama yake, akamtazama baba yake mdogo. Mtoto alikuwa amenyamaza, na baadaye Phelista aliapa kwamba alinyamaza wakati huo huo.

Mukhisa alivua miwani.

"Uliona," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, na waliokuwa nyuma wakaulizana amesema nini.

"Ulikuwa na sweta ya kijani. Ulikuwa kwa ile kona ya ghala, mahali mabati imekunjika. Nilikuona ukiniona." Udongo ulianza kumdondoka kati ya vidole. "Waliniwekea bunduki hapa, nyuma ya sikio. Wakasema, mwenye shamba ni nani? Tulikuwa tumekodi sisi wawili, mulamwa. Wawili. Nikamwonyesha yeye."

Senge Phelista alipiga ukunga, akakaa chini kwenye nyasi.

"Na ukanyamaza," Wekoye alisema. "Ukanilipia fees na ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja niulizwe. Nilisikia hao watu wa korti wanazunguka. Nikasema wakifika hapa, nitasema yote, hata wanifunge. Kila gari likipita nilisema ni wao." Alitikisa kichwa. "Hakuna mtu alikuja kuniuliza. Hakuna hata mmoja."

"Alipelekwa wapi?" Wekoye aliuliza.

Mukhisa alitazama sanduku lililokuwa shimoni, na wote wakatazama.

"Hakupelekwa mahali. Ilikuwa siku hiyo hiyo, hata saa sita haikuwa imefika. Chini kwa mto, mahali iko mikaratusi mitatu. Mimi ndiye nilichimba. Waliniambia nichimbe, nikachimba." Akaangalia mikono yake. "Mahali penyewe napajua. Kila mwaka nikienda kununua vitunguu napita hapo."

Nanyama alikuwa ameingoja hasira siku zote hizo. Aliiwazia sana, jinsi atakavyomrukia, jinsi atakavyopiga kelele mpaka Myanga nzima isikie. Haikuja. Aliyemjia ni Wanyonyi mwenyewe, aliyekufa kabla ya uji kupoa, wakati yeye alikuwa akifua shati lake kila Pasaka ili akirudi alikute safi. Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, bila kujifunika uso, kilio ambacho mwanawe hakuwahi kukisikia, na Nabwile akamwekea mkono mgongoni na yeye pia akilia.

Vijana wa majembe walikuwa wamesimama kando ya lundo la udongo, hawajui la kufanya. Mwishowe mmoja akauliza kwa woga, "Tufukie ama tusifukie?"

Nanyama alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alitazama lile shina la mgomba ndani ya sanduku lake, lenye kimo cha Mukhisa.

"Msifukie," alisema. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Ni mbali?"

"Tukitoka saa hii, tutafika kukiwa na mwanga."

"Basi vaa viatu. Chukua jembe, mulamwa. Wewe ndiye unajua mahali."

Mukhisa alivaa viatu, akanyoosha mkono kulipokea jembe alilokuwa amelishika Wekoye. Kijana hakuliachilia mara moja.